Filimbi za Igombe

Minza, tone lako la damu limekauka juu ya kioo.
Nimelipaka rangi ya zambarau kama nilivyofunzwa,
nimeliweka chini ya hadubini ya tatu, ile yenye skrubu mbovu,
hapa Bugando, saa kumi na moja alfajiri,
ziwa bado jeusi huko chini, mawe bado hayana sura.

Nahesabu chembe zako nyeupe. Kidole gumba kinabofya kaunta.
Ni nyingi kupita kiasi.
Mwanafunzi wa zamu anachungulia, anasema,
"Basi askari anao wa kutosha."
Simjibu.

Unawakumbuka sungusungu wa kwetu,
mwaka ule walipochoka kuwinda wezi
wakaanza kugonga milango ya wenyewe?
Walimpiga Lugembe kwa ng'ombe aliyemfuga tangu ndama.
Ndivyo damu yako ilivyokugeukia:
vidole vikavimba, magoti yakagoma,
kipepeo mwekundu akatua usoni asibanduke,
hukuweza hata kuanua dagaa mvua ikija.

Ukapewa predinisoloni.
Vidonge vidogo, vichungu, kumi na viwili kila asubuhi.
Siku ya nne ulikunja ngumi, ukaifungua, ukacheka.
Ukarudi kwenye vichanja, beseni kichwani.
Uso ukajaa, ukawa duara,
na wanawake wa mwaloni wakapiga vigelegele:
"Minza kanenepa! Kapata bwana wa dhahabu, wa Geita!"
Hawakujua kwamba usiku wa manane
ulikuwa jikoni, macho makavu,
ukitafuna michembe kama mtu aliyenyimwa kesho.

Dawa haikuwaua walinzi. Hilo nataka ulielewe.
Iliwanyang'anya filimbi.
Wengi wanarandaranda barabara kuu ya damu,
ndiyo maana kaunta yangu inalia hovyo;
hawashiki tena kuta, hawapenyi vichochoroni
mwenye nyumba anapokabwa.
Na wale wa punje nyekundu, mahasimu wa minyoo,
nimewatafuta vioo viwili vizima.
Hakuna hata mmoja.

Mnyoo alikuwemo siku zote.
Aliingia unyayoni ukiwa na miaka saba,
kwenye tope la nyuma ya vyoo vya shule,
akakaa kama mpangaji anayeogopa notisi.
Safari hii hakumwona wa kumfukuza. Akaita ukoo.

Nimewaona kwenye makohozi yako.
Wembamba, wazima,
wanajikunja na kujikunjua kama uzi unaotafuta sindano.
Na wewe wodini, mwili wa baridi,
muuguzi kaandika kwa mwandiko mzuri:
*Hana homa. Anaendelea vizuri.*

Nimepanda ngazi mbilimbili na karatasi mkononi.
Daktari Rwezaura akasoma, akavua miwani.
Nikasema, tuikate leo hii.
Akasema hapana: tezi zilizo juu ya figo zimelala,
mwili umesahau kujitengenezea,
ukiikata ghafla ataanguka kama ukuta wa udongo masika.
Tutaipunguza. Kidonge kwa kidonge.
Mnyoo naye ana dawa yake, kila siku, hadi tusimwone.

Kumi na moja. Tisa. Vinane.
Sijawahi kuomba Mungu kwa hesabu ya kushuka.

Leo Nyamizi wa wodini kanipigia kwa sauti ya msiba:
"Dada yako amepanda joto. Thelathini na nane nukta nne."
Nimeinamia kioo kipya.
Pembeni kabisa mwa tone, karibu nje,
chembe moja imejaa punje nyekundu kama ganja la ulezi.
Nimebofya kaunta. Mara moja.

Usiku, Igombe, tulikuwa tukiisikia ile ya kwanza,
kali, mbali, upande wa ziwa,
na mama akizima kibatari: nyamazeni, wameamka.
Tukabana pumzi, wewe na mimi, blanketi moja,
tusijue bado
kama wanakwenda kwa mwizi
au wanakuja kwetu.